Nimerudi Nakuru na uchovu wa theluji, nyumbani wanauita uvivu

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, saa tano asubuhi, mvua ya Aprili ikipiga mabati ya nyumba ya mama hapa Shabab, Nakuru. Mama amepita mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kama nitakunywa chai. Mara ya pili hakuuliza kitu, ila sufuria zililia kuliko kawaida yake. Mara ya tatu alimwambia jirani, kwa sauti iliyokusudiwa kunifikia, kwamba siku zao msichana wa miaka 24 hakuwa akikutwa na jua kitandani.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama mdogo, aliyeolewa Östersund, Uswidi, akanichukua. Kwa hiyo Kiswahili changu ni cha darasa la tano na cha simu. Ukikuta kimepinda, kinyooshe. Östersund ni mji wa theluji, na mtoto wa huko huvishwa skii, mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kama sisi tulivyokuwa tukipewa mpira wa makaratasi. Shule ilinipeleka klabuni, klabu ikanipa bunduki, na leo hiyo ndiyo kazi yangu. Mchezo unaitwa biathloni. Unakimbia kwa skii huku umebeba bunduki mgongoni, isiyopungua kilo 3.5, unafika uwanja wa shabaha moyo ukipiga mara 180 kwa dakika, kisha unatakiwa utulie na kuangusha vidude vitano vyeusi vilivyo umbali wa mita 50. Ukilenga umelala kifudifudi, kila kimoja kina upana wa milimita 45. Ukilenga umesimama, milimita 115. Katika mbio nyingi, kila ulichokosa unakilipa kwa kuzunguka mzunguko wa adhabu wa mita 150 kabla hujaachiwa uendelee.

Msimu wetu ulianza mwishoni mwa Novemba ukaisha katikati ya Machi. Mimi niko IBU Cup, ngazi iliyo chini ya Kombe la Dunia. Leo Norway, wiki chache baadaye Austria, kisha Italia, kisha Ujerumani. Hoteli inabadilika, mto wa kulalia unabadilika, tambi ni zile zile. Uwanja wa ndege wenzetu wote wanapita, sisi tunabaki nyuma tukikaguliwa karatasi za bunduki. Usiku, kabla ya kulala, unasimama chumbani na bunduki tupu, unalenga nukta uliyoibandika ukutani, unafyatua hewa, nusu saa nzima. Sheria inakataza kuanzisha mbio baridi ikizidi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwalimu, nyuzi 18 inaruhusiwa. Desemba ukiwa Östersund jua linachomoza karibu saa tatu unusu asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Nikijaribu kuikumbuka Januari, sikumbuki sura za watu wala majina ya miji. Nakumbuka vidole vyangu tu.

Tangu kambi ya Novemba nilikuwa nimepunguza mkate na tambi ili niwe mwepesi milimani. Ilisaidia kwa muda. Februari nilishikwa na mafua yasiyoisha, nikashindana nayo hivyo hivyo. Hata siku zangu za mwezi zilikatika tangu Januari, ila hilo ni jambo la kawaida kwa wachezaji, si kitu.

Kisha ikaja mbio yetu ya mwisho, ile ya kupokezana ya mchanganyiko, wanawake wawili na wanaume wawili. Nilipokea tukiwa wa tatu. Kulala nilimaliza safi, vyote vitano. Kusimama ndiko kulikoniua. Katika kupokezana una risasi tano na tatu za akiba, na zile za akiba unazipakia kwa mkono, moja moja. Nilitumia zote nane. Vidude viwili vilibaki vyeusi, havikuanguka, vinanitazama. Nikazunguka adhabu mara mbili, watu wakipita. Tulimaliza wa kumi na moja. Hakuna aliyenilaumu, kocha aliniletea koti tu, akanifunika. Afadhali wangenilaumu.

Nimekuja nyumbani kupumzika, sasa ni wiki ya tatu. Nalala kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, naamka nimechoka. Nalia bila sababu, jana nililia kwa sababu ya kipindi cha redio kuhusu bei ya mahindi. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule kuanzia alfajiri, na naona anavyonitazama. Baba mdogo alikuja akasema, “Yaani wanakulipa uteleze? Si hata watoto wanateleza hapa matopeni bure?” Halafu kabla hajaondoka akataka karo ya watoto wake wawili. Mimi sina mshahara wa kusema. Timu inalipa usafiri na malazi, nina mdhamini mmoja mdogo, na zawadi za mbio huchukuliwa na walio juu. Majirani wanasema nina mimba. Jumapili niliombewa kanisani mbele ya watu. Rafiki wa mama ameleta chupa ya dawa ya miti shamba ya kuongeza damu na nguvu, na kijana wa duka la dawa amesema kuna sindano moja tu, nitaamka kama simba. Mama ananisihi nikubali. Wakati huo huo, lazima niandike kwenye simu mahali nitakapokuwa kwa saa moja ya kila siku, ili wapimaji wa dawa za kusisimua misuli wanipate wakitaka. Tulipokwenda Ahero kumzika nyanya, wiki mbili zilizopita, nilibadilisha anwani nikiwa ndani ya matatu, na baba mdogo akaniuliza ni nani huyo anayenichunga.

Karatasi ya kukubali msimu ujao natakiwa niirudishe kabla ya Mei 1. Nataka kuacha. Kuna mtu hapa ameniambia nina mapafu na miguu, nihamie mbio za barabarani, pesa iko karibu. Je, niache? Na nimwambie mama nini ambacho hakitasikika kama kisingizio?

Aliyechoka, Nakuru

*

Marahaba binti yangu. Pole kwa nyanya, na pole kwa hayo masufuria.

Nimefundisha michezo shule za Kakamega na Vihiga miaka 31, na theluji niliyoiona ni ile ya Mlima Kenya, tena kwa mbali, kupitia dirisha la matatu. Kwa hiyo sitajifanya bingwa wa skii. Lakini nimelea wasichana wakimbiaji wengi, na barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma ulichotaka nisome, yaani mama, baba mdogo na ile karatasi. Mara ya pili nilisimama kwenye sentensi uliyoipitisha upesi, ukaifunga kwa “si kitu.”

Ni kitu. Siku zako zimekatika tangu Januari, sasa tunamaliza Aprili. Umekula kidogo tangu Novemba huku ukifanya kazi ya punda katika baridi ambayo peke yake inakula nguvu. Mafua hayaponi, usingizi hauburudishi, machozi yanatoka kwa bei ya mahindi. Hayo si mambo matano, binti yangu, ni moja. Mwili ukipewa chakula kisichotosha kazi unayoudai, unaanza kufunga vyumba kimoja kimoja, na chumba cha uzazi huwa miongoni mwa vya kwanza kwa sababu si cha lazima ili uishi leo. Baada ya hapo huenda kwenye mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi mwaka 2014, kwa maana lilikuwa limezoeleka mno viwanjani hata makocha wakaliona ni dalili ya bidii. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na msichana wa mita 3,000, hodari, akaniambia kwa aibu kwamba hajaona siku zake muhula mzima, nikamjibu kwamba ni mazoezi. Muhula uliofuata mfupa wa mguu ulipasuka akiwa anakimbia kwenye nyasi, hajagongwa na mtu wala hajaanguka. Sijasahau. Kwa hiyo usiniambie kwamba wachezaji wengi huwa nalo. Najua huwa nalo.

Wiki hii, wala si ijayo, mpigie daktari wa timu yako Uswidi umwambie yote, pamoja na mkate uliouacha. Halafu nenda hospitali hapo Nakuru upimwe damu: wingi wa damu yenyewe, akiba ya madini ya chuma, tezi ya shingo. Na kipimo cha mimba kifanyike pia. Sikushuku. Ni kwamba daktari yeyote mwenye akili ataanza nacho, na ukiwa na jibu mkononi mama atakuwa na la kuwaambia majirani.

Jambo jingine ambalo hukulifikiria: Ahero. Mlikuwa huko, kipindi cha mvua, karibu na mashamba ya mpunga, wiki mbili zilizopita. Wewe uliyeishi miaka 13 mahali pasipo malaria huna kinga ya kutegemea, na malaria huanza hivyo hivyo, uchovu na mwili mzito, kabla homa haijajitangaza. Waambie wapime malaria siku hiyo hiyo. Ukipata homa kabla ya hapo, usingoje miadi, nenda usiku huo huo.

Sasa ile chupa. Irudishe, na usiionje hata kwa adabu. Ninajua ilivyo vigumu kumkatalia mama mtu mzima aliyekuchumia majani kwa mikono yake, na sisemi mizizi yake ni mibaya. Nasema hakuna anayejua kilichomo, hata yeye, kwa sababu siku hizi baadhi ya hizo za “nguvu” hukorogewa vidonge vya dukani ili mnywaji asikie haraka. Sheria ya mchezo wako ni moja na haina huruma: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, awe amekupa daktari, mganga au mama mzazi. Sindano ya kumwamsha simba ni mbaya zaidi, kwani nyingi za namna hiyo zina dawa zilizopigwa marufuku waziwazi. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hili, tumeona wakimbiaji wetu wangapi wakifungiwa miaka, na wengine walianzia duka la dawa la mtaani kwa kijana mchangamfu kama huyo wako. Dawa yoyote utakayopewa hospitalini, hata ya malaria, isomee jina daktari wa timu kwa simu kwanza, lakini usichelewe kuinywa akishakubali. Na hiyo saa moja ya kila siku endelea kuiandika kwa uaminifu. Mpimaji akikukosa mara tatu ndani ya miezi 12 inahesabiwa kosa kama vile umekutwa na dawa. Baba mdogo akiuliza ni nani anayekuchunga, mwambie ni watu wa kupima mkojo. Hataendelea kuuliza.

Tuje kwa mama.

Nenda Iten au Kaptagat umtafute mtu aliyetoka marathoni wiki iliyopita. Utamkuta ameegemea ua, anatazama ng'ombe, viatu vya mazoezi viko chini ya kitanda. Hakuna anayempigia sufuria. Mke wake anajua, watoto wanajua, hata muuza maziwa anajua kwamba huyu alikimbia kilomita 42 na mwili wake uko msibani. Na mkimbiaji huyo hushindana marathoni mbili hivi kwa mwaka. Wewe umetoka kwenye karibu miezi minne ya kushindana tena na tena. Tofauti ni kwamba kijiji kile kinajua marathoni ni nini, na Shabab haijui biathloni ni nini. Itaijulia wapi? Hadithi kubwa ya theluji tuliyo nayo sisi ni ya Philip Boit wa Eldoret, pale Nagano mwaka 1998, alipomaliza wa mwisho kilomita 10 za skii, dakika 20 nyuma ya mshindi, na mshindi mwenyewe, Bjørn Dæhlie, akabaki pale kwenye mstari kumsubiri na kumkumbatia. Boit akaja akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ni hadithi tamu, na watu huishia hapo kwenye kumbatio. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba aliendelea, akashiriki tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006. Miaka minane zaidi ya kazi, na hakuna anayeisimulia, kwa kuwa kazi haina picha.

Nawe umewanyima nyumbani kwako picha hiyo hiyo. Uniwie radhi, lakini nina hakika mwaka mzima ulikuwa ukiwatumia picha zako ukicheka kwenye theluji, jua linang'aa, namba kifuani. Ulimtumia mama ile ya vidole? Ulimwambia kuhusu vidude viwili vyeusi? Mimi mgeni umeniandikia mizunguko miwili ya adhabu, koti na yote. Mwanamke aliyekuzaa anajua tu kwamba mtoto alikwenda kuteleza na amerudi hataki kuamka. Usilolijua ni usiku wa giza, na ndani ya giza mzazi hutafuta maelezo aliyoyazoea: mimba, uvivu, mkono wa mtu. Hiyo ya kukuombea mbele ya watu najua ilikuaibisha. Kwake ilikuwa ni kutoa kila alichonacho.

Keti naye cherehani ikiwa imezimwa. Usianze na uchovu, maana uchovu kila mtu anao, hasa yeye. Anza na siku zako za mwezi. Hilo mama yeyote analielewa bila mkalimani, na utaona sufuria zinanyamaza. Kisha msimulie Machi. Msimulie kwa Kiswahili hicho hicho cha darasa la tano, hakijapinda popote.

Kuhusu karo ya watoto wa baba mdogo sina mengi. Mtajie unachopata kwa tarakimu, mara moja, mbele ya mama, kisha nyamaza. Ukipenda mwongezee kwamba Ujerumani na Italia wengi wa wenzako wameajiriwa na jeshi, polisi au forodha, kama wakimbiaji wetu wanavyoajiriwa na Polisi, Jeshi na Magereza, na kwamba wewe hujapata bahati hiyo. Akinuna, ataacha kununa mwenyewe.

Na huyo aliyekushauri uhamie barabarani, mpe salamu zangu. Mapafu unayo, sibishi. Lakini alfajiri yoyote barabara za Iten zimejaa vijana wenye mapafu ambao hawajawahi kulipwa hata nauli, na wao wamekimbia kwa miguu tangu utotoni. Kumpeleka huko msichana ambaye mifupa yake haijapimwa, akapigepige lami, ni ushauri wa mtu asiyelipia hospitali.

Ile karatasi. Mimi sikwambii urudi, wala sikwambii uache. Nakwambia aliyechoka hivi, mwenye njaa ya miezi mitano, asipewe kalamu. Mwamuzi awe amekula kwanza. Kocha wako si mjinga. Ni mtu aliyekuletea koti badala ya maneno, huyo anaelewa. Mwandikie leo, ujumbe mfupi tu: “Sijapona msimu. Siku zangu zimekatika tangu Januari na nimeenda kupimwa. Naomba muda wa kujibu mpaka madaktari wasome majibu.” Hakuna timu yenye akili itakayokataa, na ikikataa basi imekujibia swali lako. Mazoezi ya mwaka mpya huanza Mei, najua, na katika mchezo wako mtu wa ngazi za juu hufanya saa 700 hadi 900 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kiangazi, sehemu yake juu ya skii za magurudumu. Utakosa chache. Mfupa uliopasuka ungekukosesha nyingi zaidi.

Nikuambie nilichokiona, ukipokee au ukikatae. Umetaja mambo mengi ya kuchosha katika barua yako, ndege, hoteli, tambi, giza la saa tisa, lakini vile vidude viwili uliviandika kana kwamba ni watu waliokukosea heshima na bado una maneno nao. Mtu aliyemalizana na mchezo haandiki hivyo. Au pengine ni uzee wangu. Juni tutajua.

Wiki hii kuna kazi moja tu ya mazoezi ninayokupa, na hutaifanya wewe. Mwombe mama sindano tano, azichomeke kwenye kitambaa, ziwekwe mezani na uzi pembeni. Jumamosi baba mdogo akija, mwalike kwa heshima zote akimbie kutoka hapo nyumbani hadi barabara kubwa na kurudi, kasi yake yote, akiwa amebeba begi lenye kilo tatu na nusu za unga. Akifika, akihema hivyo hivyo, atunge uzi sindano zote tano kwa sekunde 30. Kila aliyoikosa, mzunguko mmoja wa nyumba, mvua inyeshe isinyeshe. Mama awe mwamuzi, kwa kuwa hakuna hapo Shabab anayejua sindano kuliko yeye. Wewe kaa kwenye kiti na chai, yenye maziwa na sukari, na mkate. Hata mbili tatu za mkate.

Halafu uniandikie majibu ya hospitali yamesemaje, na baba mdogo alitunga sindano ngapi.

Mwalimu